Shangazi Aliyejibu Kama Malaika

Shangazi yangu, dada yake baba, amelinda geti la hospitali miaka sita, na sijawahi kumsikia akisema "kama saa nne hivi." Kwake ni saa nne na dakika kumi na moja, au hukuwepo.

Getini kuna kitabu kikubwa cha matukio. Mlinzi anaandika kila kitu: gari lililoingia, mgeni aliyezozana, paka aliyekutwa amelala kwenye kiti cha zamu. Kuna mwaka msimamizi alichana ukurasa uliomtaja yeye. Tangu hapo Shangazi anaandika mara mbili, kwenye kitabu cha kazi na kwenye kijidaftari chake chekundu kinachokaa mfuko wa shati. Husema kisichoandikwa hakikutokea.

Mwaka huu polisi walitangaza nafasi. Mwisho wa umri, miaka thelathini. Shangazi alikuwa na ishirini na tisa na miezi kumi. Mimi hesabu zinanishinda, lakini hiyo niliiweza: ikimpita hii, ni geti mpaka uzee.

Mbio alipita. Macho, meno, kifua, vyote safi. Kukabaki kupimwa akili.

"Kupimwa akili?" Bibi aliacha kuchambua mchele. "Kwani wamemwona na nini?"

"Si wazimu, Bibi," nikamweleza. "Wanataka kujua tabia. Huwezi kumpa mtu bunduki kabla hujajua hasira zake zinakaa wapi."

"Wangeniuliza mimi. Nimemzaa."

Mlinzi mwenzake aliyewahi kupimwa alikuwa amemtajia maswali machache. Si maswali hasa, ni sentensi. Unasoma, unaweka alama kwenye ndiyo au hapana. Nikamwambia Shangazi asihofu, nimesoma kitabu kizima cha mambo hayo maktaba ya shule, na siri yake ni moja: kila baya hapana, kila zuri ndiyo. Tukafanya mazoezi mezani.

"Kuna siku nimetamani kumpiga mtu," nikasoma.

"Hapana."

"Nimewahi kusema uongo."

"Hapana."

"Wakati mwingine nasengenya."

"Hapana."

"Wee!" Bibi akadakia. "Jana ulimsema mke wa fundi viatu mpaka chai ikapoa."

"Mama, hilo ni swali la polisi, si lako."

Alikwenda Jumatatu. Aliporudi alisema sentensi zilikuwa mia tatu na zote amezijibu vizuri. Ijumaa akaitwa tena, peke yake, kwa mtaalamu wa saikolojia.

Yaliyotokea huko ninayajua kwa sababu jioni ile Shangazi alitusimulia akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kama anayekabidhi zamu.

Saa nne kamili aliingia chumbani. Meza, viti viwili, feni isiyozunguka. Mtaalamu ni mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa na karatasi ya Shangazi mbele yake.

"Dada, hujawahi kukasirika?"

"Hapana."

"Kusema uongo?"

"Hapana."

"Hata kuchelewa kazini ukasingizia mvua?"

"Sichelewi." Hilo, alituambia, lilikuwa kweli.

Mtaalamu akavua miwani. "Humu ndani tumeweka sentensi ambazo kila binadamu lazima azijibu ndiyo. Wewe umezijibu hapana zote. Wanaojibu hivi ni wa aina mbili, malaika na waongo. Malaika hawajawahi kuomba kazi hapa."

Mimi niliposikia hivyo nikaangalia miguu yangu.

"Nani alikufundisha?" mtaalamu akauliza.

 Shangazi akajibu, "Nilifundishwa nyumbani. Lakini penseli nilishika mimi."

"Basi nipe sababu moja ya kuiamini karatasi hii."

"Usiiamini," Shangazi akasema. Akatoa kijidaftari chekundu, akaanza kusoma kama anavyomsomea msimamizi.

"Tarehe tatu, saa mbili na dakika nane asubuhi. Daktari kapiga honi mara saba, geti liko wazi. Nimetamani kumpiga. Sikumpiga. Nimempigia saluti.

"Tarehe tisa, saa kumi na moja na dakika hamsini na sita jioni. Nimemwambia mgeni muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Ulikuwa umebaki dakika nne. Uongo. Nilikuwa na njaa.

"Tarehe kumi, saa kumi na nusu. Mgeni wa jana karudi. Nimemwomba radhi, nimempitisha kabla ya muda. Kosa la pili, nimeliandika kwenye kitabu kikubwa pia. Nimekatwa siku ya mapumziko."

Alisoma mpaka saa tano kasoro dakika tano. Mtaalamu alikuwa ameacha kuandika.

"Na sasa hivi," akauliza, "una hasira?"

"Ndiyo. Tangu saa nne na dakika sita. Na mtoto wa kaka yangu."

Mtaalamu akainamia meza akakohoa. Shangazi anaapa ilikuwa kicheko. Halafu akamwambia nenda, utaletewa barua.

Alipomaliza kusimulia, Bibi aliniangalia. Nikaona bora niseme mwenyewe.

"Shangazi, kile kitabu cha maktaba... sikukisoma. Niliona jalada tu."

Hakufoka. Alitazama saa ya ukutani, akatoa kalamu, akaandika. Mpaka leo sijui aliandika nini, na sijathubutu kuuliza.

Wiki tatu zilipita. Barua ililetwa alasiri, mimi nikiwa shuleni, kwa hiyo yafuatayo sikuyaona. Nilirudi nikawakuta Bibi na Shangazi wamekaa mbele ya bahasha iliyochanwa. Nilipouliza vipi, Shangazi akanisukumia kijidaftari.

*Saa tisa na dakika tano. Barua imefika.*

*Saa tisa na dakika saba. Nimechukuliwa. Kuripoti chuoni tarehe moja.*

*Saa tisa na dakika nane. Machozi. Mama kauliza ni nini. Nimesema vumbi. Uongo.*