Ngumi za Darasa la Sita

Sikumpenda Sabohat tangu siku ile alipoingia chumba cha walimu na mkate wa tanuri kwapani, akatumegea wote utadhani yeye ndiye mwenyeji na sisi wageni. Binti wa mwokaji mikate wa mji wa Margilani, mikono imejaa makovu ya moto hadi viwikoni. Mimi Mavjuda nilikuwa nimefundisha hesabu miaka ishirini na miwili. Yeye alikuja kufundisha watoto kusema "sijui".

Ndiyo, sijui! Katika darasa lake la sita, mtoto asiyejua jibu alisimama akakiri, kisha akaeleza atalitafutaje: atafungua kitabu gani, atamuuliza nani. Aliyebahatisha ndiye aliyekemewa. Wazazi wakaja juu: "Tumewaleta wasome, huyu anawafunza ujinga!"

"Dada Mavjuda," aliniambia, "mtoto akiogopa kusema hajui, atadanganywa maisha yake yote."

"Nitolee balaa! Hayo umejifunzia wapi, kwenye tanuri?"

"Hukohuko. Kila nilipojifanya najua, niliungua."

Walimu wakacheka. Nikazidi kumchukia.

Ikakaribia siku ya somo la wazi, wakaguzi wa wilaya wakae nyuma ya darasa wasikilize. Kwetu somo hilo hufanyiwa mazoezi kama harusi. Watoto wote hunyoosha mikono: anayejua hukunjua kiganja, asiyejua hukunja ngumi, na mwalimu huita viganja tu. Sabohat alikataa katakata. Mwalimu Mkuu akamwambia mbele yetu kwamba aibu ikitokea, kazi hana. Na Sabohat ndiye aliyemlisha mama yake mjane.

Basi nikawafanyisha watoto wake mazoezi mimi, kwa siri, yeye akiwa kwenye kikao. Msinisifu. Nilitaka akifaulu, afaulu kwa ujanja wangu, kisha nimcheke.

Siku yenyewe, mimi na Mwalimu Mkuu tukiwa tumeketi nyuma na wakaguzi, Sabohat aliuliza kwa nini Mto Sirdaryo hupungua njiani. Mikono yote ikapanda. Sabohat akashangaa. Kabla hajaita mtu, mkaguzi mmoja akanyoosha kidole. "Yule binti wa dirishani."

Oydin akasimama, ngumi bado iko juu. "Sijui, mwalimu. Nitamuuliza baba, yeye hufungua mifereji ya kumwagilia pamba."

"Hujui, na mkono umenyoosha wa nini?" mkaguzi akauliza.

"Mwalimu Mavjuda alisema asiyejua akunje ngumi."

Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Kweli?"

"Mwongo mkubwa huyo!" nikafoka. "Mimi humu niliingia lini?"

Oydin akaanza kulia. Mkaguzi akamwambia Sabohat, "Sema tu kwamba mtoto anadanganya, tuendelee na somo."

Sabohat alinitazama mimi. Nikaangalia dirishani.

"Oydin hasemi uongo," akajibu. "Darasa ni langu, lawama ni yangu."

Wiki haikuisha, wakamfukuza. Sasa anauza mikate sokoni, nami hupita mtaa wa nyuma nisikutane naye. Naona haya, na haya hiyo inanifanya nimchukie zaidi.

Darasa lake nilipewa mimi. Siku ya kwanza niliandika hesabu rahisi ubaoni, ya kuzidisha, ya kiwango cha darasa la tatu, nikauliza, "Nani anajua?"

Mikono thelathini na mmoja ikapanda kimya kimya. Ngumi zote. Hata ya Oydin, ambaye jibu alikuwa ameshaliandika daftarini.