Ndege Isiyo na Pangaboi

Leodegar, seremala wa Temeke, angerudi kutoka vitani na uongo wa kawaida kama wenzake, angeishi kwa raha zake. Wenzake wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walirudi na chui waliowanyonga kwa mikono mitupu na mabinti wa Kalkata waliolia bandarini wakati wa kuagana. Wote waliaminiwa. Yeye alirudi na kweli moja, na kweli hiyo ikamtesa miaka.

Vita vilipokwisha, alikuwa miongoni mwa askari waliochaguliwa kwenda London kwenye gwaride la ushindi. Huko walipelekwa uwanjani kuona ndege mpya ya kivita, ambayo Waingereza waliiita Kimondo kwa lugha yao. Leodegar aliizunguka kwa jicho la fundi, akaipima kwa hatua, akaikagua pua yake. Haikuwa na pangaboi, lile panga linalozunguka puani na kuivuta ndege. Ilikuwa na midomo miwili mikubwa kwenye mabawa, inayomeza hewa mbele na kutema moto nyuma. Kisha akaiona ikiruka, na kelele yake ikamfikia wakati yenyewe imeshapita.

Lakini hiyo siyo habari aliyotumwa nayo nyumbani. Romani, jirani yake aliyekua naye na kujiandikisha naye jeshini, alifia Bama, walikopigana na Wajapani, ukingoni mwa mto, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Leodegar. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Usimwache mama anisubiri." Leodegar aliapa, akamzika kwa mikono yake, akasali alichokumbuka.

Sasa tazama mwanadamu alivyo. Alipofika Temeke jioni ile, aliuona mlango wa Mama Anastasia, mama yake Romani. Badala ya kubisha hodi akapita moja kwa moja hadi klabu ya pombe. Walipomuuliza habari za Romani, akaikwepa habari hiyo kwa kusimulia ndege. Nikodemu, karani wa forodhani aliyesoma kila gazeti lililoshuka na meli, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole ndege hiyo inavutwa na nini, au inavutwa na dua. Klabu nzima ilicheka mpaka watu wakamwaga pombe zao. Kinywa ni jumba la maneno, na kabla ya misa ya asubuhi Temeke yote ilijua kuwa Leodegar amerudi mwongo.

Baada ya misa ndipo alipokwenda kwa Mama Anastasia. Barua ya serikali mama yule alikuwa ameshaipata, ila hakuijali. Barua kama hiyo ilishamuua Gaspar wa Mtoni, na Gaspar akarudi kwa miguu yake, amekonda, anaulizia chakula. Mama alikuwa anangoja mtu aliyeona kwa macho. Leodegar akamweleza yote, mto, jeraha, kaburi. Mama alimtazama usoni muda wote, mikono imetulia mapajani.

"Leodegar, baba," alisema, "hiyo ndege uliyosimulia jana klabuni, kweli haina pangaboi?"

"Haina, mama. Naapa mbele ya Mungu."

Mama akashusha pumzi ndefu, akatabasamu.

"Basi nimeshukuru. Kama ile umetunga, na hii umetunga. Mwanangu yu hai."

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya matanga wala misa ya marehemu. Kila jioni alipika chakula cha Romani, akakifunika kwa kawa na kukaa mlangoni akitazama njia. Na Leodegar kila jioni alipita pale akitoka kazini, kwani njia nyingine haikuwapo, na mama alimsalimu kwa furaha, bila kinyongo, kama mtu amsalimuye mtoto mtundu aliyesamehewa. Salamu zile zilimuumiza kuliko matusi.

Akatafuta picha ya gazeti, akaipata kwa taabu, akaipeleka klabuni. Nikodemu akaisogeza kwenye taa, akasema pangaboi likizunguka halionekani, kila mtu anajua. Walevi wakatikisa vichwa, ati kila mtu anajua.

Basi Leodegar akaamua kuijenga. Kila futi moja ya ndege aliipa nusu inchi ya mti. Kiwiliwili alikitoa kwenye mbao laini za masanduku ya chai, mabawa akayapiga randa mpaka makali yakawa membamba kama ukucha. Mitungi ya injini aliikunja kwa bati la makopo ya sigara, akaingiza kila mmoja katikati ya bawa lake. Mkia wa kulala aliupandisha juu ya ule wa kusimama, kama alivyouona. Mizinga minne puani aliifanya kwa misumari iliyokatwa vichwa, na kwa ncha ya sindano akachoma alama za ribiti, ile misumari inayoshikilia bati la ndege, mstari kwa mstari, bawa zima, mpaka mkewe Genoveva akamuuliza kama anajenga ndege au anafuma mkeka. Leodegar aliamini kwamba kitu kikiwa sahihi kiasi hicho, hakuna atakayeweza kukiita uongo. Maskini wa Mungu.

Alipoianika nje rangi ikauke, jirani yake Mwinjuma, mtu mwema asiye na neno na mtu, aliipenda sana, akamwonea huruma fundi kwa kusahau. Akachonga pangaboi zuri la mti wa mfenesi, akaligongomea puani. Leodegar aliporudi, Mwinjuma alimpokea anatabasamu.

"Nimekusaidia, ndugu yangu. Lilikuwa limebaki hilo tu."

Leodegar alishukuru. Angesema nini? Aling'oa lile pangaboi kwa koleo, akaziba tundu, akapaka rangi upya. Jumapili akaiweka barazani mwa kanisa. Watu walisifu mikono yake, kisha mmoja mmoja wakauliza ataimalizia lini. Nikodemu alisema fundi hodari huweza kuchonga hata papa wa baharini mwenye miguu.

Akampelekea Mama Anastasia ndege ile. Mama aliipapasa mabawa kwa vidole viwili, macho yakamng'aa.

"Nzuri mno, baba. Iache hapa. Romani akirudi nitamwonyesha."

Leodegar aliiacha, akatoka, na hakuzungumzia ndege tena.

Mwaka 1952, asubuhi moja, alikuwa juu ya paa la Mwinjuma akipigilia boriti, akasikia kelele aliyoijua. Ndege tatu za jeshi zilipita chini chini kuelekea bandarini, zinameta, pua tupu. Temeke nzima ilitoka nje. Watu wakanyoosha vidole, wakatazamana. Lisemwalo lipo, akapaza sauti mmoja, kama halipo laja. Nikodemu, na hapa tumpe haki yake, alikuja kumshikia ngazi, kofia mkononi, akamwomba radhi mbele ya wote.

Leodegar alifurahi. Alifurahi sana, kama mfungwa aliyefunguliwa, mpaka mguu wake ulipogusa ardhi. Hapo akakumbuka, akawasukuma watu, akatimua mbio.

Mama Anastasia alikuwa amesimama uani, uso juu, anatazama mbingu ambayo haikuwa na kitu tena. Kanga ya begani ameshaishusha, anaifunga kiunoni kama wafanyavyo wafiwa, lakini fundo halikazi.

Na Leodegar, ambaye hajapata kumdanganya mama yule hata mara moja, alidanganya.

"Mama, zile ni nyingine. Ile ya kwangu ilikuwa uongo. Nilitunga mie, na habari za Romani nilitunga. Nilikuwa nimelewa."

Mama alikaa chini, kwenye vumbi, akamshika mkono na kumvuta akae naye.

"Mlimzika wapi?" aliuliza. "Siku ile ulisema, mie sikuwa nasikiliza."