Kura Zote za Hanna

Hanna hajui kukaa. Chai yake hunywewa na nzi, na hata kanisani hukaa karibu na mlango, tayari kuondoka. Basi mwaka huu jua lilipotuchoma, na mfereji wetu huku miteremkoni juu ya Makumira ukabaki tope, ni yeye aliyesimama kikaoni akasema tatizo ni mwenyekiti wa mfereji.

Mwenyekiti alikuwa Mika, mzee mpole, na kosa lake hasa lilikuwa kwamba mvua haikunyesha. Lakini mvua utaiondoaje madarakani? Hanna akaahidi kuuzibua mfereji hadi kwenye chemchemi, maji yamfikie hata wa mwisho. Na wa mwisho ni mwenyekiti mwenyewe. Ndiyo desturi yetu: humwagilia baada ya wengine wote, asije akajipendelea.

Sisi hupiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea. Siku hiyo nyuma ya Mika hakubaki mtu. Hata mkewe, Elinipa, alivuka akaja kwa Hanna. Kikulacho ki nguoni mwako, tukasema, tukacheka, Mungu atusamehe. Hanna alifurahi mpaka akalia.

Neno lake alilitimiza. Kila alfajiri alikuwa mferejini na jembe, akitufokea tuamke, nasi tukaamka. Mfereji ukawa safi. Maji yakabaki yale yale, maana chemchemi haiongezeki kwa kufokewa. Yalipofika kwake yalilowesha vidole tu. Kabichi zake, ambazo ndizo zinazomlisha tangu afiwe na mume, zikaanza kunyauka. Nilimwonea huruma sana, lakini zamu yangu sikumpa.

Jana alipita kwa Elinipa akakuta kabichi zimenawiri, kijani kibichi. Nilikuwa ng'ambo ya uzio, nikasikia yote.

"Mama Diana, siku ile ulimwacha mumeo kwa nini?"

"Mwenyekiti, miaka yote ile Mika alikuwa wa mwisho. Nimechoka kununua mboga sokoni na shamba ninalo."

"Na wengine je? Si waliniamini kwamba maji yatatosha?"

Elinipa aliweka ndoo chini. Nadhani hakutaka kumuumiza.

"Walichoka kumlaumu mtu yule yule, mama. Kwamba maji yatatosha, uliamini wewe tu."