Kufunika ni Kuezeka

Nimewasamehe watu wengi katika maisha yangu, lakini yule karani bado.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya misheni pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa. Baba alikuwa amefariki, na ndugu zake walikuwa wamemtoa mama katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe. Akawa analala jikoni kwa dada yake, kando ya mafiga. Alitaka kitu kimoja tu: nyumba yake, ambayo hakuna shemeji atakayemwamuru atoke.

Jumbe alimpa kiwanja karibu na barabara kuu. Alikipima kwa hatua mbele ya majirani, akachomeka vijiti pembe nne, akala kuku, akaenda zake. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa, na hakuna aliyewahi kuomba nyingine. Kiangazi chote mama alifyatua matofali. Kuni za kuyachoma hatukuwa nazo, kwa hiyo tulijenga kwa matofali mabichi. Yakipata paa la kuyakinga na mvua hukaa miaka mingi. Majirani walikuja kusaidia kwa zamu, na mama akawatengenezea togwa, maana sisi Walutheri hatukutoa pombe. Kuta zikapita madirisha.

Ndipo alipokuja tarishi na baiskeli yake na barua. Mpaka wa mji ulikuwa umesogezwa, wala hatukuambiwa. Kiwanja sasa ni cha mji, jumbe hana kauli, na ni marufuku kuezeka mpaka ruhusa ya ujenzi itolewe.

Tukapanda mlima kwa miguu hadi ofisi ya mji, mama na mimi. Mama alimwamkia karani, "Kamwene." Karani alikuwa mtu wa kwetu kabisa, na kwao wanaamkiana hivyo hivyo, lakini alijibu bila kuinua macho: "Hapa ofisi, mama. Sema Kiswahili." Alitaka ramani. Nikaichora kwa rula ya shule. Tuliporudi akataka nakala tatu, tena kwa wino. Tuliporudi tena akasema sijaandika choo kitakuwa futi ngapi kutoka mlangoni. Kila safari aliijua kasoro itakayofuata, na kila safari alinyamaza nayo, akatuacha tuteremke mlima na kuupanda tena. Hilo sijalimeza mpaka leo.

Safari hiyo ya tatu mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa Mufindi. Mama akajaribu Kiswahili chake.

"Mwanangu, mvua inakuja. Hii kuta yangu ni udongo tu. Acha nifunike na nyasi, halafu wewe utaandika pole pole."

"Kufunika ni kuezeka," karani akasema. "Ukiezeka bila ruhusa, tunabomoa."

Tulipofika chini mama hakwenda nyumbani. Alichukua mundu, akaanza kukata nyasi kando ya kiwanja. Nikamnyang'anya. Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe. Nilikuwa mwalimu, nilivaa soksi ndefu, niliamini kwamba kilichopigwa muhuri hakiwezi kuwa upuuzi.

"Mama, sheria ni sheria," nikamwambia. "Watabomoa."

"Haya, mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Mvua ilinyesha siku nne. Kuta hazikuanguka kwa kishindo. Zililainika, zikashuka taratibu kama ugali uliozidiwa maji, mpaka huwezi kujua dirisha lilikuwa wapi. Mama alisimama pembeni amejifunika gunia, akatazama kiangazi chake chote kikitiririka kuelekea barabarani. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na sikustahili hata kulia.

Ruhusa ililetwa karibu na Krismasi, mihuri mitatu juu yake. Mama hakutaka nimsomee. Alikuwa amekwisha kupanda maboga juu ya lile rundo, na majani yalikuwa yanatambaa pale ambapo kingekuwa chumba chake cha kulala. Usiku alirudi kando ya mafiga ya dada yake.

Halafu, mwezi uliofuata, akaja Bwana Afya kukagua kama madirisha yanaingiza hewa ya kutosha. Aliegesha baiskeli, akaingia katikati ya maboga na viatu vyake vilivyong'arishwa, nakala ya ramani yangu mkononi. Akageuka huku, akageuka huku. Mama alikuwa anapalilia, na hakuinuka.

"Mama, hii nyumba iko wapi?"

"Umeikanyaga, baba."