Tulivyotangaza Mbinu Zetu kwa Mpinzani

Jamani, leo tumemwambia mpinzani kila tulichopanga, tena kwa sauti!

Nusu fainali ya tenisi ya kulipwa, wanawake wawili wawili, hapa hapa Arusha. Mimi na mwenzangu Nashipai wa Oldonyo Sambu, dhidi ya wadada wawili wa Nairobi, Wanjiru na mwenzake.

Sisi mbinu tunapanga kwa Kimaasai. Nani ataelewa?

Seti ya kwanza tumechapwa vibaya. Nashipai akiniambia nipige pembeni, Wanjiru yupo pembeni. Akisema katikati, Wanjiru kashafika, anausubiri mpira.

Tukawa tunabadilishana upande. Wanjiru akanipita, akatabasamu: "Takwenya."

Mdomo ukaitikia wenyewe: "Iko!"

Halafu nikaganda. Hiyo si salamu ya Kimaasai?

Nikamnong'oneza Nashipai. Akajifunika taulo usoni. "Yaani alikuwa anatusikia muda wote?"

"Muda wote."

Akalishusha taulo taratibu. "Basi tuendelee kuongea. Ila tuseme uongo."

Tukaendelea kwa sauti ile ile. Tukisema pembeni, tunapiga katikati. Wanjiru alipogundua, tukaanza kuchanganya na ukweli, akawa hajui aamini lipi.

Seti ya pili yetu. Ya tatu yetu. Tupo fainali, na kombe tunalitaka!

Kwenye wavu Wanjiru akanikumbatia, anacheka mpaka machozi. "Mama yangu Mmaasai wa Kajiado. Nyinyi mmenidanganya kwa lugha ya mama!"

Haya semeni, fainali tuongee lugha gani?