Mlango Uliomjua Mtu Mmoja

Miaka ile Mwingereza angali anatutawala, nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Singida mjini. Kwetu ni Mtinko. Kazi nilijifunzia kwenye gereji ya malori, na nilipotoka huko nilijua dinamo, betri na taa, basi. Umeme wa nyumba ulikuwa wa watu wachache wenye jenereta zao. Kwa hiyo mtu akiwa na kitu chochote chenye waya, hata kengele, aliniita mimi.

Mmoja wa walioniita alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyenunua karanga, ngozi na asali kutoka vijijini. Alinionyesha sanduku dogo lililotoka Nairobi. Ndani mlikuwa na kitasa cha namna ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Mlangoni unaweka kitasa cha kawaida, chenye ulimi. Ule ulimi unaingia kwenye chuma kilichofungwa kwenye fremu, na chuma hicho kina koili, waya uliosokotwa, ndani yake. Ukibonyeza swichi, umeme wa betri unaingia kwenye koili, chuma kinalegea, na mlango unaachia. Unasikia mlio mmoja tu, "ka!", kama mtu aliyevunja kijiti kikavu.

"Ni kwa ajili ya mama," aliniambia. "Miguu yake imekufa. Mimi nashinda Kinyangiri na Mkalama huko kununua mzigo. Mlango ukiwa wazi anaogopa wezi, ukifungwa hawezi kumfungulia mtu."

Mama yake alikaa kwenye nyumba ya nyuma ya duka, amelala kitandani karibu na dirisha lililotazama baraza. Aliyemtunza alikuwa mama mmoja wa Kinyaturu, mzaliwa wa Mgori, mjane, aliyekuwa amepanga chumba nje kidogo ya mji. Alikuja kila asubuhi kumwogesha, akaenda kuteka maji, akarudi, akaenda sokoni, akarudi. Kila mara alisimama chini ya dirisha, si mbele ya mlango, akaita, "Hodi, Bibi, ni mimi." Bibi alipoisikia sauti yake alimtupia ufunguo. Siku moja ufunguo ulitumbukia kwenye ndoo ya maji machafu ukamwagwa nayo, na hapo ndipo mwanawe alipoagiza kile kitasa.

Nilifanya kazi ile siku mbili. Fremu ilikuwa ya mninga, ngumu, patasi ilikuwa inaruka. Betri ya lori niliiweka stoo. Swichi niliining'iniza juu ya mto wa Bibi. Zilibaki nyaya mbili za kutoka kitandani hadi mlangoni, na nilikuwa nimeishiwa bomba la kuzipitishia. Mwenye nyumba, yule mfanyabiashara, alikuwa na safari, anataka kuona kazi imekwisha. Nikatoboa fremu ya dirisha, nikazitoa nje, nikazilaza chini barazani, juu yake nikarudishia mawe bapa yaliyotandikwa pale. Zilikuwa zimefunikwa kwa mpira na kitambaa. Nilijiambia zitakaa.

Bibi alifurahi sana siku ile. Alibonyeza, mlango ukaachia. Tukaufunga, akabonyeza tena. Alicheka kama msichana.

Masika yalipoingia, fremu ilivimba kwa unyevu na ulimi ukawa unabana. Nilikwenda nikaupiga tupa kidogo, ukakaa sawa. Mvua zilipokatika nikaitwa tena. Safari hii mwenye nyumba alinipokea dukani na kunivuta pembeni.

"Mama anasema mlango unafunguka wenyewe."

Nilipoingia, nilimkuta Bibi amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida. Yule mama wa Mgori alikuwa kwenye kiti karibu yake, akimkanda mikono.

"Fundi," Bibi alisema, "mkono wangu uko hapa, juu ya tumbo. Mkono haukwenda kwenye swichi. Mlango ukafunguka."

"Lini, Bibi?"

"Jana. Juzi. Kila siku. Huyu akija tu, mlango unafunguka kabla sijabonyeza. Wengine wakija, haufunguki. Mlango unamjua yeye. Nani anafungua?"

Yule mama wa Mgori hakuinua macho. Alikuwa anaogopa, nililiona hilo, lakini sikumwuliza neno.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilipima betri, nzima. Nilifungua swichi, safi, vyuma vyake viwili havigusani. Nilifungua chuma cha mlangoni, nikapuliza vumbi, nikajaribu koili kwa taa yangu ndogo ya kupimia. Nilitoka nje, nikasimama mbele ya mlango, nikagonga. Nikausukuma kwa bega. Nikamwita mchukuzi wa dukani naye akagonga. Kimya. Nilikaa pale karibu saa nzima na mlango haukufunguka hata mara moja.

"Mlango ni mzima," nilimwambia mwenye nyumba.

Alinitazama, kisha akatazama upande wa nyumba ya mama yake. "Basi ni kichwa chake," alisema taratibu.

Nilikunja vifaa vyangu nikaenda zangu.

Baada ya hapo nilisikia kwa watu wa sokoni kwamba yule mama wa Kihindi amechanganyikiwa, anaona mtu mlangoni. Mwanawe alimleta mganga wa hospitali, akampa dawa za kulala. Bibi alilia akisikia hodi. Walimkataza yule mama wa Mgori kuita, wakidhani sauti yake ndiyo inamtisha, lakini alipokuja kimya ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu hapo mlango ulifunguka bila hodi wala swichi. Bibi alikufa kabla ya karanga kung'olewa.

Wiki tatu baada ya msiba mwenye nyumba mwenyewe alinifuata kwenye gereji yangu. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nyumba nimeifunga. Hakuna mtu kitandani. Yule mama aliyemtunza amekuja kuchukua kanga zake, na mlango umemfungukia."

Tulikwenda mchana, jua kali, tukamkuta yule mama bado anangoja nje. Nikaingia peke yangu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Swichi bado ilining'inia juu ya mto, haitikisiki. Niliufunga mlango nikasimama katikati ya chumba, macho kwenye ile swichi. Nje niliwasikia wanaongea, kisha nikasikia mwenye nyumba akirudi dukani. Zikapita dakika nyingi.

"Ka!"

Mlango ukaachia ukaja ndani polepole. Mbele yake hapakuwa na mtu. Kizingiti kitupu, na mwanga wa jua umelala sakafuni. Nilihisi kuna mtu nyuma yangu kitandani, na sikuweza kugeuka.

Ndipo sauti ikaja kutoka dirishani. "Hodi, fundi. Ni mimi."

Nilitoka mbio. Yule mama alikuwa amesimama pale pale aliposimama siku zote, chini ya dirisha, pembeni kabisa mwa baraza. Nikamwomba asisogee. Kisha nikamwomba asogee hatua moja. Jiwe aliloliacha likainuka upande mmoja, kidogo tu, kama unene wa kucha.

Nilipiga magoti nikaling'oa. Chini yake zilikuwa nyaya zangu. Ncha ya jiwe ilikuwa imekata mpira na kitambaa, shaba imebaki wazi. Mtu akikanyaga pale, nyaya zinagusana, na kwa kitasa ni sawasawa na mtu aliyebonyeza swichi. Watu wengine wote walikwenda moja kwa moja mlangoni. Yeye peke yake ndiye aliyesimama pale, kwa sababu alitaka Bibi aisikie sauti yake; na hata alipokatazwa kuita, hata baada ya msiba, mazoea yalimpeleka pale pale.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa Kinyaturu, lugha yetu, ambayo hakuwahi kuniongelesha ndani ya nyumba ile.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemtisha."

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Aliniomba nisiende kwake tena," alisema. "Nami nikaenda, kwa sababu nani angemwogesha?" Alikaa juu ya baraza akajifunika uso kwa kanga. Baadaye aliniuliza, "Na siku aliyokufa? Siku ile nilikuwa Mgori, kwenye mazishi ya kaka yangu. Mchukuzi anasema alisikia mlango umefunguka asubuhi, akaenda akamkuta Bibi amekwisha kukata roho."

Nilitazama lile jiwe. Nilisema huenda mbuzi alipita barazani.

"Huenda," alisema.

Mbuzi katika ua ule sikuwahi kumwona, kabla wala baada.

Ningeweza kuzifunga zile nyaya kwa utepe nikasema nimetengeneza. Nilifikiria kufanya hivyo, sitaki kujipamba. Lakini yule mama alikuwa amekaa pale ananitazama, nikanyanyuka nikaenda dukani. Mwenye nyumba alikuwa nyuma ya meza yake. Nilimwambia yote: bomba lililoisha, mawe, nyaya, na kwamba nilipokuja mara ya pili sikutazama chini kabisa.

Aliweka kalamu yake chini.

"Mama alikuwa na akili zake," alisema.

"Ndiyo, bwana. Alikuwa anasema kweli."

"Nilimwambia ni ndoto. Kila jioni nilimwambia ni ndoto." Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nilingoja anitukane, au anipeleke bomani kunishtaki. Badala yake aliniambia nikaling'oe lile dude lote, nisiache hata msumari.

Nilifanya hivyo hadi alasiri. Yule mama wa Mgori alinishikia mlango nilipokuwa nafungua skrubu. Fremu ilibaki na tundu kubwa, nikalijaza kwa kipande cha mninga nikakipiga randa. Niliporudi dukani kumpa mwenye nyumba sanduku lake, nilimkuta analia bila sauti, machozi yanamwangukia kwenye ndevu. Mwanamke mmoja aliingia na kikapu akaulizia chumvi. Mwenye duka alijifuta kwa kiganja, akaweka mizani sawa, akampimia.