Ni Kugeuza Kiti Tu

Kosa ni langu. Si la kamera, si la jua, wala si la uzee. Nimelificha mwaka mzima na leo nalitoa kifuani.

Nimepiga video za harusi na vipaimara hapa Kasulu tangu enzi za mikanda. Watu huniita Fundi. Jina hilo lilinivimbisha kichwa!

Mwaka jana binti mmoja Mkongomani, nitamwita Aline, aliniita kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa anahamia nchi ya mbali na watoto wake. Mama yake alikataa kuliacha kaburi la mumewe. Basi Aline akataka nimrekodi mama akimbariki, asafiri naye hivyo.

Nilimkalisha yule mama ndani, mgongo kwenye mlango. Nje jua linawaka, nami nilitaka majirani waonekane uani nyuma yake. Taa ilikuwa kwenye begi. Sikuitoa.

Aline akachungulia kioo cha kamera. "Papa, sura ya mama iko nyeusi."

"Mchana huu taa ya nini? Nilianza kazi hii hujazaliwa!"

Mama akadakia, "Muache, Aline. Mie niko mweusi tangu zamani."

Tukacheka wote. Ole wangu!

Jioni nyumbani ndipo nilipoiona ile video. Sauti safi, baraka tamu, lakini penye uso pana kivuli kitupu, na majirani nyuma wanang'aa kama bati jipya. Nikaongeza mwanga kwenye kompyuta. Ukatoka uso wa kijivu, chengachenga, usio wa mtu.

Safari ya Aline ilikuwa bado siku tatu. Bodaboda zipo. Ningemgeuza mama, mwanga wa mlangoni umpate shavuni, kisha mtu ashike shuka jeupe upande wa pili kupunguza kivuli. Hata taa isingehitajika. Ni kugeuza kiti tu!

Lakini kurudi kulikuwa kukiri mbele ya binti niliyemfokea. Nikaiweka ileile kwenye flashi, nikampa akiwa katikati ya kufunga mizigo.

"Iko muzuri, Papa?"

"Iko safi," nikasema. Mdomo huu!

Mama alifariki miezi minne baadaye. Aline akanitumia ujumbe wa sauti. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Papa, namusikia mama, lakini simuoni. Simu yenye picha zake ilipotea njiani. Ile kovu ya shavu lake, ilikuwa upande gani? Leo naona ni huku, kesho naona ni kule. Wewe ulikaa mbele yake."

Nilikaa mbele yake saa nzima, na sijui! Nilikuwa nawatazama majirani.

Ninyi mnaoshika kamera, mtazameni mtu kwanza. Angalieni mwanga unatoka wapi, mmgeuze umpate usoni. Na mkikosea, rudini hata kwa aibu, mtu angalipo.

Ujumbe wa Aline bado uko kwenye simu yangu. Sijaujibu.